Anza na futikamba, ndipo uishike mashine

Mgonjwa akishawekewa mrija wa kupumulia, usikimbilie vitufe vya mashine ya kupumulia. Chukua futikamba. Mlaze chali, mnyooshe miguu, pima kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha andika sentimita ulizopata kwa kalamu nene na ubandike karatasi hiyo kwenye mashine. Nimewauguza wagonjwa mahututi miaka mingi, na hatua hii ndiyo ninayoiona ikirukwa kuliko zote.

Mapafu hufuata urefu wa mtu, hayafuati unene wake. Kwa mwanamke, toa 152.4 kwenye urefu, zidisha kwa 0.91, jumlisha 45.5. Kwa mwanamume jumlisha 50. Hizo ndizo kilo za kukokotolea pumzi: mililita 6 kwa kila kilo.

Asubuhi moja nilimpokea mama wa sentimita 155 ambaye mzani ulimsoma kilo 92. Zamu iliyotangulia ilitumia kilo za mzani, kwa hiyo kila pumzi alisukumiwa mililita 550. Kwa urefu wake ni kilo 48 hivi, yaani mililita 287. Usiku kucha alipewa karibu maradufu. Nilipomgusa juu ya mtulinga, ngozi ilichakarika chini ya vidole vyangu kama chumvi ya mawe iliyofungwa kwenye kitambaa. Hewa ilikuwa imepasua pafu ikatambaa hadi chini ya ngozi. Tangu siku hiyo futikamba haitoki mfukoni mwangu.

Wala si kupasuka tu. Vifuko vya hewa vikivutwa kupita kiasi huvimba, hujaa majimaji, na kemikali za uvimbe huingia kwenye damu zikadhuru hata figo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa vibaya: waliopewa mililita 12 kwa kilo walikufa asilimia 39.8, waliopewa 6 asilimia 31. Mashine zile zile. Kilichopungua ni ukubwa wa pumzi.

Ukishaweka pumzi, pima shinikizo la hewa mapafuni. Bonyeza kitufe cha kushikilia pumzi mwishoni mwa kuvuta, nusu sekunde hivi, mgonjwa akiwa ametulia hashindani na mashine. Namba isizidi sentimita 30 za maji, ndicho kipimo cha shinikizo hilo. Ikizidi, punguza mililita 1 kwa kilo, pima tena, unaweza kushuka hadi 4. Kisha kwenye namba hiyo toa PEEP, yaani shinikizo linalobaki mapafuni mgonjwa akishatoa pumzi. Mimi nataka tofauti ibaki chini ya 15. Kaboni dioksidi itapanda kidogo. Ongeza idadi ya pumzi, isizidi 35 kwa dakika, na uivumilie iliyobaki, isipokuwa kama ubongo wa mgonjwa umevimba.

PEEP ndiyo inayovizuia vifuko vya hewa visijifunge. Fikiria mfuko wa nailoni uliolowa: kazi ngumu ni kuzibandua kuta zake. Vifuko vikijifunga na kubanduliwa kila pumzi, huchubuka. Anza na 5, panda taratibu huku ukitazama shinikizo la damu. Oksijeni ya damu ikisoma kati ya asilimia 88 na 95 inatosha, usifukuzie 100.

Hali ikiwa mbaya bado, mlaze kifudifudi angalau saa 16. Mwaka 2013 utafiti wa Ufaransa ulionyesha vifo vya siku 28 vikishuka kutoka asilimia 32.8 hadi 16 kwa wagonjwa wa aina hiyo. Muwe watano. Mmoja ashike kichwa na mrija, na yeye peke yake ndiye ahesabu. Funga macho kwa plasta kabla ya kumgeuza, tandika mto laini chini ya paji na kifua, na ugeuze uso kila baada ya saa mbili. Sikio lililokunjika chini ya shavu hufa bila kelele.

Ndugu huniuliza kama kuna dawa ya kuyakinga mapafu na mashine. Deksamethasoni imeokoa maisha kwa waliougua COVID-19 wakiwa kwenye mashine, lakini ile hutuliza ugonjwa wenyewe. Seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kukua kuwa za aina nyingine, bado zinafanyiwa utafiti. Kwa hiyo nawaonyesha karatasi yenye urefu wa mgonjwa wao, na namba ya shinikizo ninayoiandika upya kila saa nne.