Kununua mbofyo mmoja mmoja: jinsi ninavyotumia matangazo ya kulipia kwenye kazi ya afilieti

Miaka sita nilipanda Kilimanjaro, kwanza nikiwa mpagazi, kisha msaidizi wa mwongoza wageni. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya korona nilirudi nyumbani Moshi, nikaazima kompyuta ya shemeji na kuanza kuandika ninachokijua: begi la kulalia linalofaa kambi ya Barafu, taa ya kichwani inayovumilia baridi, buti ambazo hazitakung'oa kucha ukiteremka kuelekea Mweka. Kwenye kila kifaa nikaweka kiungo cha duka la nje. Mgeni akinunua kupitia kiungo changu, duka linanipa kamisheni; hiyo ndiyo kazi ya afilieti. Kazi ndiyo hiyo mpaka leo, na vijana wa hapa mjini wananiuliza swali moja kuliko mengine yote: "Kaka, hivi matangazo ya kulipia kwa mbofyo bado yanalipa, au ni kuwachangia Google tu?" Wanamaanisha yale unayowalipa Google kila mtu anapobofya tangazo lako.

Yanalipa. Ila yanamlipa anayejua mbofyo mmoja una thamani ya senti ngapi kwake kabla hajaununua. Wengine wote wanaliwa, na mimi nililiwa mwanzoni.

Wanaosema njia hii imekufa wana sababu. Iliyokufa ni ile ya zamani, ya kununua neno Google, yaani kulipia tangazo lako litokee mtu akilitafuta neno hilo, na kumpeleka moja kwa moja dukani bila kuwa na ukurasa wako. Google walifungua huduma yao ya matangazo mwaka 2000, na kwa miaka michache watu waliishi kwa mtindo huo. Januari 2005 wakaweka sheria kwamba utafutaji mmoja unaonyesha tangazo moja tu kwa kila anwani ya tovuti, kwa hiyo maafilieti mia wa duka moja wakajikuta wanagombea kiti kimoja. Mei 2009 Amazon nao wakaacha kuwalipa maafilieti wa Amerika Kaskazini kwa wateja waliopatikana kwa matangazo ya kulipia kwenye injini za utafutaji. Siku hizi Google hukataa tangazo linaloelekeza kwenye ukurasa ambao kazi yake ni kumpitisha mtu kwenda kwingine. Ukurasa wako lazima uwe na kitu chake.

Soma mkataba kabla ya kuweka hata senti

Kila programu ya afilieti ina kifungu kuhusu matangazo ya kulipia. Kitafute. Baadhi wanakataza kabisa, baadhi wanaruhusu kila kitu isipokuwa jina la duka lao. Mimi sikukisoma. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua jina la duka moja la Ulaya pamoja na maneno "begi la kulalia", na wiki tatu mauzo yakaja mazuri ajabu. Mwisho wa mwezi wakafuta kamisheni yote, wakaniandikia mistari miwili wakinitajia kifungu. Nilikuwa nimeshalipia mibofyo kwa pesa yangu. Nilikaa nje ya nyumba jioni ile nikiwa na simu mkononi, sijui nimwambie nini mke wangu kuhusu ada ya mtoto.

Ukishakiona kifungu, waandikie barua pepe uwaulize wazi: naruhusiwa kununua maneno yapi? Jibu lao lihifadhi.

Hesabu ya senti

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo penyewe. Nichukue begi la kulalia la dola 220. Kamisheni yangu ni 7%, yaani dola 15.40. Kwenye daftari langu, kati ya watu 100 wanaofika kwenye ukurasa kutoka kwenye tangazo, kama 35 hubofya kwenda dukani na wawili hununua. Hiyo ni dola 30.80. Lakini watu hurudisha vitu, na duka likirudishiwa begi, kamisheni yangu nayo inaondoka. Kwangu ni kama moja katika kumi, kwa hiyo zinabaki dola 27 na ushee. Gawanya kwa 100: kila mbofyo una thamani ya senti 27 kwangu.

Basi siwezi kununua kwa senti 27, maana nitakuwa nafanya kazi bure. Dari langu, yaani bei ya juu kabisa ninayokubali kwa mbofyo, ni senti 18. Kuna na kodi: VAT ya kwetu ni 18%, na ikiingia kwenye bili yako, senti 18 zinakuwa 21. Nabaki na kama senti 6 kwa mbofyo. Mibofyo elfu moja ni dola 60. Ndogo, lakini halali na inajirudia, na mteja aliyefuata begi mara nyingi huondoka pia na soksi na taa.

Kama huna namba za kwako, usikope zangu. Andika ukurasa kwanza, upate wasomaji wa bure kwa miezi miwili mitatu, uone wangapi wanabofya na wangapi wananunua. Mtu anayenunua mibofyo kabla ya kujua hilo anacheza bahati nasibu, na mimi siwezi kumshauri ndugu yangu acheze bahati nasibu kwa pesa ya unga.

Maneno: nunua ya aliyekwisha kata tiketi

Mara ya kwanza nilinunua neno moja tu, "Kilimanjaro", nikaliacha wazi lilinganishwe kwa upana, yaani tangazo litokee hata kwa utafutaji unaofanana nalo tu. Siku nne, dola 90. Nilipofungua ripoti inayoonyesha watu walichoandika kweli nikaona wanafunzi wanaotafuta urefu wa mlima, watu wanaotafuta bia, wengine uwanja wa ndege. Hakuna aliyetaka begi.

Sasa nanunua maneno marefu, ya Kiingereza na Kijerumani kwa sababu ndiyo lugha za wateja wangu. Maana yake ni kama haya: "begi la kulalia la Kilimanjaro la nyuzi hasi 15", "vifaa vya njia ya Machame kwa Februari", "kukodi au kununua begi la kulalia Kilimanjaro". Anayeandika hivyo ameshalipia safari na anahesabu wiki. Hayo maneno yana watu wachache, pengine kumi kwa siku, na kwa sababu hiyo maduka makubwa hayayagombanii sana.

Jambo hili limezidi kuwa na uzito tangu Google waanze kuweka majibu ya akili bandia juu ya matokeo, Marekani tangu Mei 2024. Anayeuliza "mlima una urefu gani" anajibiwa pale pale, haji kwako. Anayetaka kutoa dola 220 bado anataka kusikia kutoka kwa mtu aliyelala kwenye begi lenyewe.

Ukiingiza neno, lifunge kwenye mabano ya mraba ili Google walilinganishe kwa maana ile ile. Kisha weka orodha ya maneno ya kuzuia: bia, urefu, wimbo, ramani, bure, kazi, uwanja wa ndege. Orodha yangu imefika maneno 140, na kila Jumatatu asubuhi naiongeza kutoka kwenye ile ripoti. Ukiniuliza ni kazi gani moja iliyoniokoa, nitakuambia ni hiyo ya Jumatatu.

Vitufe vya kuzima siku ya kwanza

Ukifungua kampeni ya utafutaji, Google wanakuwekea tiki kwenye mambo ambayo hukuyaomba. Ondoa mtandao wa tovuti na programu za simu. Ondoa washirika wa utafutaji, yaani tovuti nyingine zinazotumia utafutaji wa Google. Kwenye mahali, badilisha chaguo la "waliopo au wanaopendezwa na mahali hapo" liwe waliopo tu, maana ukilenga Uingereza na chaguo la kwanza, utalipia hata asiyekuwa huko. Bei ya mbofyo panga kwa mkono, uweke dari lako la senti. Mfumo wa Google wa kupanga bei wenyewe unahitaji kuona mauzo, na mauzo yako yanafanyika kwenye duka la mtu mwingine, hawayaoni.

Usishtuke ukiona siku moja wametumia mara mbili ya bajeti yako ya siku. Wanaruhusiwa, ila kwa mwezi hawavuki bajeti hiyo mara 30.4. Kwa hiyo panga bajeti ya siku kwa kuanzia na pesa ya mwezi uliyo tayari kuipoteza.

Na fahamu kwamba nafasi za matangazo hugawiwa kwa mnada, nao unakwenda hivi: hulipi dari lako, unalipa kiasi kinachotosha kumpita aliye chini yako, na Google huangalia pia kama tangazo na ukurasa vinajibu alichoandika mtu. Ukurasa mzuri hukupunguzia bei.

Ukurasa wenyewe

Ukurasa wangu wa begi unaanza na picha ya zipu. Nimeipiga nikiwa nimevaa glavu, kwa sababu ukiamshwa Barafu saa tano usiku, zaidi ya mita 4,600 juu, kujiandaa kwa kilele, vidole havikusikii, na zipu inayouma kitambaa itakupotezea joto lote ulilolikusanya. Chini yake nimeeleza kwa nini ulale na betri za taa ndani ya begi, na kwa nini begi la kilo mbili na nusu ni balaa wakati mizigo anayokubebea mpagazi kwa kawaida haizidi kilo 15. Kisha mabegi matatu, bei, na kasoro ya kila moja. Kasoro ziandike. Moja kati ya hayo matatu silipendi, na nimesema hivyo, na bado linauzwa kwa sababu ni la bei nafuu kwa mtu atakayepanda mara moja maishani. Juu kabisa nimesema wazi kwamba ninapata kamisheni.

Nimeweka pia sehemu ya kuacha barua pepe ili kupata orodha ya vifaa ya kuchapisha. Anayeondoka bila kununua leo namwandikia tena wiki mbili baadaye, bila kulipia mbofyo wa pili.

Kufuatilia, na pesa inavyochelewa

Karibu kila programu ya afilieti inakuruhusu kuongeza kitambulisho chako mwisho wa kiungo. Weka hapo namba ya neno lililomleta mtu. Mauzo yakiingia utajua ni neno gani limeuza, si kampeni kwa jumla. Nina neno moja lililokuwa na mibofyo mingi kuliko yote na kwa miezi miwili halikuuza hata soksi. Bila kitambulisho ningeendelea kulilisha.

Angalia pia muda wa kuki, yaani muda ambao duka linakumbuka kwamba mteja alitoka kwako. Kwa kawaida Amazon wanakuhesabia saa 24 tu. Maduka mengine siku 30. Mtu wa mlimani hanunui siku anayosoma, husubiri mshahara, kwa hiyo mimi nachagua la siku 30 hata likinipa asilimia pungufu.

Google wanakata kadi yako mwezi huu. Duka linasubiri muda wa kurudisha bidhaa upite, ndipo lilipe, na kwangu hiyo ni siku 60 hadi 90. Ukitumia dola 100 kwa mwezi unahitaji dola 300 mkononi kabla ya kupokea ya kwanza. Wengi ninaowajua hawakushindwa na hesabu ya senti. Walifanya vizuri, wakaishiwa mtaji mwezi wa pili, wakazima kampeni ambayo ilikuwa inauza.

Mimi sitangazi mwaka mzima. Wapandaji wengi huja Januari hadi Machi, na Juni hadi Oktoba, kwa hiyo nafungua matangazo Novemba na katikati ya Aprili, na kufunga msimu unapokaribia kwisha. Ukianza leo, chukua kifaa kimoja, maneno matano, dola 3 kwa siku, kwa wiki mbili. Siku ya 14 fungua ripoti, zima neno lolote lililokula zaidi ya kamisheni ya bidhaa moja bila kuuza, na uyaache mengine yaendelee.