Kuchangia gari kwenda kazini: bei inatoka wapi, na zawadi analipa nani

Ndugu zangu wa Washington, Maryland na Virginia, swali linalonijia kila wiki ni hili: "Jana nililipa dola 7 na ushee, leo 4.90, na safari ni ileile. Programu ya simu ya kuchangia gari inaniibia?" Haikuibii. Nimepakia wenzangu kwenda kazini miaka mitatu sasa, na inaniuma kuona mtu anaacha kwa kutoelewa hesabu tu. Tuipitie pamoja.

Hatua ya 1: Jua kwamba hii si nauli

Nauli unampa mtu aliyetoka nyumbani kwa ajili yako. Hapa dereva anakwenda kazini kwake hata usipopanda, nawe unamchangia gharama. Ndiyo sababu programu makini za kuchangia gari huwa na kikomo. Waze Carpool, iliyofungwa mwaka 2022, ilifuata kiwango cha maili cha mamlaka ya kodi, IRS, na dereva hakuruhusiwa kupita safari mbili kwa siku, ya kwenda na ya kurudi. Nia ilikuwa asigeuke teksi.

Kiwango hicho cha IRS kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, nacho ndicho nitakachotumia hapa. Kinabeba mafuta, bima, matengenezo na kuchakaa kwa gari. Wengi tunakumbuka mafuta peke yake, halafu tunashangaa dereva anadai nini zaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu mwenyewe

Chukua safari ya maili 21, tuseme kutoka pande za Woodbridge hadi Pentagon. 21 mara 0.70 ni dola 14.70. Mkiwa wawili garini, kila mmoja 7.35. Akiongezeka wa tatu, 4.90. Umeona ile tofauti ya jana na leo ilikotoka? Dereva naye yumo katika mgawanyo, kwa sababu na yeye anasafiri. Programu ikikuonyesha zaidi ya hapo, tafuta mstari wa ada ya huduma, maana hiyo haimfikii dereva.

Hatua ya 3: Weka tozo ya barabara kwenye hesabu

Hapa ndipo penye pesa yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia za tozo za barabara kuu za I-95, I-395, I-495 na I-66 huko Virginia hazina bei moja. Foleni ikizidi, bei inapanda, na kibao cha barabarani kinabadilika unakiangalia. Lakini mkiwa watatu pamoja na dereva, na kuna kifaa cha kulipia tozo cha E-ZPass Flex kiooni, swichi yake imesukumwa upande wa HOV (yaani gari lenye watu wengi), mnapita bure. Kwa hiyo abiria wa tatu ana thamani kubwa kuliko ile 4.90 yake: anafuta tozo nzima na kuwapa nusu saa ya usingizi.

Swichi ile ni ndogo, inateleza kwa kidole gumba. Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimepakia watu wawili, tukazama kwenye mazungumzo ya nyumbani, nikasahau kuisukuma. Nililipia tozo nzima tukiwa watatu. Tangu siku hiyo abiria wa mbele kwangu ana kazi ya kuuliza "HOV tayari?" kabla hatujaingia.

Na wale wa I-66 ndani ya Beltway, ile barabara ya I-495 inayozunguka jiji: tangu Desemba 2022 wawili hawatoshi tena, ni watatu.

Ukitaka kuona nguvu ya njia hizi, nenda kwenye maegesho ya wasafiri ya Horner Road, Woodbridge, asubuhi. Watu wanapanga foleni, gari la mtu wasiyemjua linasimama, wawili wanaingia, safari. Hakuna senti inayotolewa. Dereva analipwa na barabara.

Hatua ya 4: Tenganisha zawadi na bei

Zawadi inatoka mfuko mwingine, na kila mfuko una tabia yake. Ofa ya kumleta rafiki hutolewa na kampuni yenye programu ili ikue. Ichukue, lakini usiipangie bajeti. Mwajiri naye huchangia kwa kuwa maegesho ni ghali. Mfuko wa tatu ni wa umma, nao ndio watu wetu hawaujui. Commuter Connections, mtandao wa umma wa usafiri wa kwenda kazini eneo la Washington, ina mpango wa 'Pool Rewards kwa wanaoanza kuchangia gari: dola 2 kwa siku, hadi dola 130 ndani ya siku 90. Jiandikisheni kwanza, ndipo muanze safari. Kuna pia programu zinazokupa pointi kwa safari zako; incenTrip, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Maryland, ilikuwa mojawapo.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mtoto akiugua mchana nami sikuja na gari, narudije?*
Jiandikishe kwenye mpango wa Guaranteed Ride Home wa Commuter Connections leo, dada. Ukichangia gari angalau siku mbili kwa wiki, unapata usafiri wa dharura kurudi nyumbani bila malipo, hadi mara nne kwa mwaka.

*Pesa ninazopewa na abiria nizitaje kwenye kodi?*
Michango ya kwenda na kurudi kazini IRS haihesabu kuwa kipato, ni kurudishiwa gharama. Ukiigeuza biashara ya faida, hapo ni kipato.

*Na bima?*
Bima nyingi za gari binafsi hazigusi kubeba watu kwa malipo, ila huacha nafasi kwa wanaogawana gharama. Mpigie wakala wako akusomee kipengele chenyewe. Hii ni sababu nyingine ya kutovuka kikomo.

*Tumezoeana. Kwa nini nisimpe dereva taslimu, tuachane na programu?*
Mnaweza, na ada ya huduma mtaiokoa. Lakini safari isiyorekodiwa haina pointi, na mkibishana nani alilipa lini, hakuna pa kuangalia.

*Nina mtoto wa miezi minne, nampeleka kwa mlezi njiani. Anahesabiwa kwenye HOV?*
Anahesabiwa. Wewe, mtoto kwenye kiti chake nyuma na abiria mmoja, mmetimia watatu. Ukishamteremsha kwa mlezi mmebaki wawili, kwa hiyo rudisha swichi kabla ya kuingia tena njia ya tozo.