Kabla Hamjalipia Chumba cha Mazoezi ya Bendi

Bendi nyingi za Dar es Salaam zikitafuta pa kufanyia mazoezi huanza kwa kuuliza bei. Anzeni na hesabu ya saa. Tuseme mnakutana mara mbili kwa wiki, saa tatu kila mara: hizo ni saa 24 kwa mwezi. Chumba cha kulipia kwa saa kikiwa shilingi 10,000, mwezi unakula 240,000, na mara nyingi dramu, amplifaya na umeme vimo humo humo. Chumba cha kupanga cha 150,000 kinaonekana nafuu mpaka uweke kodi ya miezi sita inayotakiwa mkononi, mwezi mmoja wa dalali, LUKU, mlinzi na ukarabati. Kupanga kunalipa pale bendi mbili au tatu zinapogawana chumba kwa ratiba iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni. Nje ya hapo, lipeni kwa saa na fedha inayobaki mnunue kebo nzuri.

Wakongwe wa dansi hawakuwa na shida hii. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ile ya Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam; vyombo vya mwajiri, ukumbi wa mwajiri. Leo mzigo wote uko kwa kiongozi wa bendi, kwa hiyo tafuteni pale ambapo ukumbi unalala bila kazi. Baa yenye jukwaa iko tupu Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mpeni mwenye baa usiku mmoja wa kupiga kwa mwezi, naye awape mchana. Andikeni ni siku zipi, nani analipa umeme, na itakuwaje baa ikibadilisha mmiliki. Vyombo msiache hapo. Ukumbi wa kanisa ni mzuri, lakini mkishapata ruhusa ya mchungaji nendeni kwa katibu wa kwaya, maana ratiba anayo yeye. Shule ulizeni wakati wa likizo. Nafasi Art Space ya Mikocheni na TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, zipo kwa ajili ya wasanii. Kapigeni hodi, msingoje tangazo.

Ukubwa: bendi ya watu watano yenye dramu inahitaji kama mita nne kwa tano. Kikipungua hapo, mtaongeza sauti ili msikilizane na hamtasikilizana. Kikwepeni chumba cha mraba. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari la mita tatu kinarundika mawimbi ya besi karibu na hezi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde), ambayo ni B-flati ya chini. Noti hiyo itanguruma, zinazoifuata zitapotea, na mpiga besi atalaumiwa bure. Pigeni kofi moja katikati ya chumba: mkisikia mlio unarukaruka baina ya kuta, vigae na kuta tupu vitawasumbua. Zulia chini ya dramu, mapazia mazito na magodoro mawili yaliyosimamishwa kwenye pembe vinasaidia sana.

Trei za mayai msinunue. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba, basi. Hazizuii sauti kutoka nje, na zinashika moto haraka. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba: ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote mbili, mlango mzito wa mbao wenye mpira pembeni, madirisha yasiyo na nafasi. Tundu dogo linaharibu kazi yote. Uwazi ukifika asilimia moja tu ya ukuta, ukuta huo hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi, hata ungekuwa mnene namna gani. Ndiyo maana vioo vya luva na ile nafasi iliyo kati ya ukuta na bati ni adui kuliko ukuta mwembamba.

Kabla ya kulipa, pelekeni kiki, yaani dramu kubwa ya mguu, na besi kwenye chumba chenyewe, saa ile ile mtakayokuwa mnafanya mazoezi, mpige kwa nguvu ya kawaida huku mmoja wenu amesimama dirishani kwa jirani. Sauti ya mwimbaji haigombanishi mtu sana. Kinacholeta ugomvi ni besi, kwa sababu inapita ukutani na kutikisa vyombo vya jirani kabatini. Kisha nendeni kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkajitambulishe na kutaja siku na saa. Mwenye nyumba kukubali hakumzuii jirani kulalamika, na malalamiko yakifika NEMC, baraza la taifa la mazingira, hoja ya kwamba mmelipa kodi haiwasaidii. Kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga au msikiti ukuta kwa ukuta, tafuteni kwingine.

Sasa umeme, na hapa msiharakishe. Mwimbaji anayepiga pia gitaa la rithim ameshika nyuzi, anasogeza mdomo kwenye maiki, anapigwa shoti ya midomo. Wenzake wanacheka, mmoja anasema maiki mbovu, wanaivisha sifongo, wimbo unaendelea. Maiki haina kosa. Nyuzi za gitaa zinaungana kupitia waya wa jeki na bodi ya chuma ya amplifaya; chuma cha maiki kinaungana kupitia kebo yake na bodi ya mikisa, mashine inayochanganya sauti. Kimoja kikiwa na ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na kingine hakina, umeme unatafuta njia kati ya vyuma hivyo viwili, na njia ni mkono, kifua na midomo ya mwimbaji. Mara nyingi ni mtekenyo tu, kwa kuwa mkondo unaovuja ni mdogo. Siku waya wa moto ukichubuka ndani ya mashine na kugusa bodi, mtekenyo ule ule unakuwa volti 230, na vidole vinakaza kwenye shingo ya gitaa visiweze kuachia. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, Mei 1972, baada ya kugusa maiki isiyo na ethi.

Kwenye nyumba zetu ethi hupotea kwa njia zinazojulikana. Soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake waya wa ethi haukufungwa. Rodi ya ethi ipo, ila waya wake wa shaba umekatwa na wezi. Au mtu amekata pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo umeondoka, kinga nayo imeondoka. Tesita ya bisibisi haitoshi, inaonyesha waya wa moto tu. Nendeni na mita, iwekwe kwenye volti za AC. Kati ya moto na nyutro, waya wa kurudisha umeme, isome karibu 230. Kati ya moto na ethi isome hivyo hivyo. Kati ya nyutro na ethi isizidi volti mbili tatu. Mkisoma 60, 90 au 110 kati ya moto na ethi, ethi hiyo inaning'inia, haijafika ardhini. Kisha chomekeni kila kitu, ncha moja ya mita kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maiki. Zaidi ya volti chache, zimeni. Amplifaya zote na mikisa zitoke kwenye soketi moja ili zitumie ethi moja, na ombeni breka ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, na gharama yake ikatwe kwenye kodi kwa maandishi, kabla hamjatoa hata shilingi.

Soketi ya ampia 13 inabeba takriban wati 2,990. Gitaa mbili, besi, mikisa yenye amplifaya, kinanda na feni mbili vinaenea. Kiyoyozi kiwe na laini yake, maana kompresa ikiwaka volti zinashuka na kinanda kinazima katikati ya wimbo. Ekstensheni iwe na waya wa milimita 2.5 za mraba, na ikunjuliwe yote. Iliyozungushwa kwenye kibiringo chake huchemka hadi plastiki inayeyuka. Ulizeni pia LUKU ni ya nani. Mita ya pamoja na wapangaji wengine ni ugomvi wa kila mwisho wa mwezi.

Masikio: desibeli 85 yanavumilia saa nane, 94 saa moja, 100 dakika 15 tu. Chumba kidogo chenye dramu kinafika 100 bila shida. Vaeni vizibo, na mpiga dramu awe wa kwanza.

Bati bila dari maana yake ni kwamba masika mnakaa kimya mvua ikinyesha. Ulizeni majirani maji huwa yanafika wapi, si mwenye nyumba. Vyombo vikae juu ya paleti za mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, na namba za mashine zipigwe picha. Nondo madirishani ziwepo, ila mlango ufungukie nje na usifungwe kamwe kwa kufuli la nje mkiwa ndani, hata kama mlinzi anasema anarudi sasa hivi. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda au wa CO2. Msilipie kwa dalali bila kumwona mwenye nyumba, risiti ichukuliwe, na mjue nani mwingine ana nakala ya ufunguo.