Namna ya Kujenga Mazoea ya Kujisomea

Nilipokuwa bwenini hapa Dodoma nilisoma jiografia hadi saa sita usiku, nikapigia mstari karibu kila sentensi, na bado jaribio likaniumbua. Kumbe nilikuwa nikipitisha macho tu.

Hatua ya kwanza ni kuweka wakati mmoja wa kusoma usiobadilika. Kwa mwanafunzi anayetoka nyumbani, tuseme Nkuhungu, ambaye jioni humwishia kwenye kuchota maji na kupika, saa kumi na moja alfajiri humfaa zaidi.

Hatua ya pili, andika swali kabla ya kufungua kitabu. Kwa mfano: kwa nini Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, ilhali Bukoba hunyeshewa karibu mwaka mzima?

Hatua ya tatu ndiyo wengi huikwepa, kwa kuwa inauma. Soma kurasa tatu au nne, funika kitabu, kisha ujibu swali lako kwa maneno yako mwenyewe kwenye karatasi tupu. Utakwama, pengine utakumbuka upepo wa msimu lakini usahau mchango wa Ziwa Viktoria katika mvua za Bukoba. Usichungulie upesi. Jikune kichwa kwanza, ndipo ufunue na kusahihisha kwa kalamu nyekundu, maana hayo mekundu ndiyo utakayoyasoma kesho.

Hatua ya nne, rudia mapema. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mwanzoni kabisa, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo pitia karatasi yako kesho yake, halafu baada ya wiki.

Maswali ya wasomaji

Shikamoo mwalimu. Darasani kwetu kitabu kimoja tunakitumia watu watano. Nifanyeje?

Marahaba. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize bila kuandika, kisha kila mmoja ajaze karatasi yake na mlinganishe. Wiki inayofuata msomaji awe mwingine.

Mimi niko kidato cha kwanza na Kiingereza kinanishinda. Nitafsiri kila neno?

Hapana, utachoka ukurasa wa kwanza. Tafuta katika kamusi maneno yanayojirudia tu, na unapofunika kitabu jibu kwanza kwa Kiswahili. Ukishaelewa, liandike jibu hilohilo kwa Kiingereza, hata kama litakuwa na makosa, umpelekee mwalimu wako alisahihishe.