Kufundisha jazi Bagamoyo bila kioo wala sakafu ya mbao

Goti langu la kushoto lilianza kuuma mwaka wa nne wa kufundisha dansi ya jazi. Darasa lilikuwa kwenye sakafu ya saruji, siku nne kwa wiki, na kila mruko niliowaonyesha wanafunzi niliurudia mara nyingi mpaka wauelewe. Saruji hainyumbuki, kwa hiyo pigo lote la kutua linabebwa na mguu. Ukitaka kufundisha jazi huku kwetu, tafuta pa kutua kabla hujatafuta muziki.

Mimi sasa nahamia ufukweni maji yakikupwa. Pale yalipotoka punde mchanga umeshikana: mguu hauzami, na kutua hakuumi. Waulize wavuvi saa za kupwa, kwani kila siku zinasogea mbele kwa karibu dakika 50, nawe upange ratiba kwa kufuata hizo. Kabla ya darasa pita na ufagio wa chelewa uondoe chupa na makombe. Ufukwe una mteremko pia, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi geuza darasa zima, la sivyo mguu mmoja utafanya kazi ya miwili.

Huko hakuna kioo wala mhimili wa kushika. Hapo ndipo nawasimulia wanafunzi habari za Luigi, mcheza dansi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1946 alipata ajali ya gari, akapooza upande mmoja wa mwili, madaktari wakasema hatatembea tena. Alijifundisha upya kusimama kwa kuisukuma hewa chini kana kwamba ameshika mhimili. Mazoezi yake ya kujiponya yakawa mtindo mzima wa kufundishia jazi, akaufundisha New York mpaka uzeeni. Goti lilipoumuka, mimi niliyashika mazoezi hayo kama dawa.

Fanya hivi. Simama, miguu ikae chini ya nyonga. Nyoosha mikono pembeni usawa wa kiuno, viganja vitazame chini, kisha sukuma kama mtu anayejiinua kwenye ukingo wa ngalawa. Mgongo utarefuka wenyewe. Sasa kunja magoti, kila goti lielekee vidole vya mguu wake, na usiache kusukuma. Nenda taratibu. Dakika kumi za hili kabla ya hatua yoyote, hata kama watoto wananung'unika.

Halafu kutenga viungo: kichwa peke yake, mabega peke yake, mbavu, kiuno. Kwenye kiuno usipoteze muda, mtoto aliyekulia kwenye ngoma ya mdundiko anakuja nacho tayari. Kazi iko mbavuni. Mfunge kanga chini kidogo ya kifua, mwambie asogeze kanga kulia na kushoto huku nyonga zimetulia. Nyonga zikifuata, mkalishe chini arudie akiwa amekaa. Wengi wanaipata hapo.

Na usiwaambie kwamba unawaletea kitu cha ugenini. Katherine Dunham, mcheza dansi wa Marekani aliyesomea anthropolojia, alikwenda Karibiani miaka ya 1930 kujifunza ngoma za watu weusi wa huko, na aliyoyaona akayaingiza katika mafunzo yake ya dansi, na jazi ikachota humo. Ngoma hizo zilivuka bahari pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Bagamoyo tunajua maana ya watu kupakiwa majahazini, na darasa langu hunyamaza ninapolisema hilo.

Kwenye mapigo, wengi hupiga makofi kwenye pigo la moja na la tatu kati ya manne. Waache watembee kwenye moja na tatu, makofi wayahamishie kwenye mbili na nne. Ukimpata mpiga chapuo, hata darasa moja kwa mwezi, mlipe. Anafundisha hili haraka kuliko spika.

Kutunga ni hesabu kwanza. Nyimbo nyingi za jazi za zamani zina vipimo 32 vya mapigo manne, yaani hesabu nane mara 16, katika mafungu manne: la kwanza, linarudiwa, la tatu linabadilika, kisha la kwanza linarejea. Tunga fungu moja tu la nane nne, yaani hesabu nane mara nne. Kwenye marudio, cheza lile lile mkiwa mmeelekea baharini. Fungu la tatu lipe mwendo mwingine kabisa. Mimi hapo huwatoa kwenye mistari wazunguke duara. Fungu la mwisho rudini mwanzo, lakini nane mbili za kumalizia mwachie kila mchezaji atunge zake. Binti mmoja alimalizia kwa hatua ya mdundiko aliyofundishwa na bibi yake, akaicheza nusu ya mwendo wa muziki, mikono bado inasukuma hewa. Nimeiacha hapo hapo, na kila kundi jipya linajifunza nane zile mbili kutoka kwake.