Kabla hujalipia gemu, soma uhakiki hivi
Mimi alama za mwisho naziruka. Tafuta kwanza mhakiki alicheza kwenye mashine gani. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, wahakiki wa mwanzo walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu, na wengi wakaisifu. Kwenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, ikawa inaganda na kujizima, hadi Sony wenyewe wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni wiki moja hivi baadaye. Nami natumia PS4 kuukuu inayovuma kama feni ya saluni, kwa hiyo hapo sina utani.

Angalia pia ukubwa wa faili, maana bando halijinunui.

Halafu mfuatilie mhakiki mmoja mnayepishana ladha kila mara. Wangu akilalamika kwamba mapigano ni magumu mno, natoa hela.