Mpunga umekolea kijani lakini hauchipui? Tazama fosforasi, kisha tazama aina ya naitrojeni

Nalima mpunga wa mbegu ya SARO 5 hapa Dakawa, Mvomero, mkoani Morogoro, na kila msimu majirani wa majaruba huniuliza: "Nimemwaga urea, mbona mpunga umedumaa?" Majani yakiwa membamba, kijani cha kiza, yamesimama wima, na machipukizi ni mawili matatu, hiyo ni njaa ya fosforasi. Njaa ya naitrojeni huanza na umanjano kwenye majani ya chini. Usiongeze urea kabla hujatofautisha.

Fosforasi haitembei udongoni, mzizi ndio unaoifuata. Kwa hiyo DAP au TSP, mbolea za fosforasi, mfuko wa kilo 50 kwa ekari, naimwaga siku ya kusawazisha ichanganyike na tope kabla ya kupandikiza.

Baada ya hapo naitrojeni ndiyo inayoamua. Mzizi ukinyonya naitrojeni ya aina ya amoniamu hutoa asidi kidogo pembeni mwake, na asidi hiyo huiachisha fosfati (fosforasi ilivyo udongoni) iliyoshikwa na udongo. Ukinyonya ya aina ya naitreti, asidi hupungua. Naitrojeni ya SA (mbolea ya amonia salfeti) ni amoniamu tupu, na urea hugeuka amoniamu ndani ya siku chache. CAN (mbolea nyingine ya kukuzia) nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, ambayo kwenye jaruba lenye maji hugeuka hewa ikapotea. CAN peleka kwenye mahindi.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kuzipata kwa SA, yenye asilimia 21, utabeba kilo 110 hivi. Ndiyo maana SA naitumia kukuzia mara ya kwanza tu, mizizi ikiwa bado michache na machipukizi yanatafutwa. Mpunga ukianza kubeba mimba, yaani suke likianza kujiunda ndani ya shina, natumia urea.

Kabla ya kumwaga SA, ng'oa shina moja usuuze mizizi. Ikiwa ya rangi ya kutu na ncha nyeupe, endelea. Ikiwa myeusi na inanuka yai viza, acha SA kabisa, maana salfa yake itazidisha sumu inayotoa harufu hiyo. Toa maji siku chache mizizi ipate hewa, kisha weka urea.

Siku ya kukuzia punguza maji yabaki ya kufunika tope tu, mwaga, pitisha palizi mbolea izame, ndipo urudishe maji. Urea ikibaki juu ya maji yenye ukungu wa kijani, jua la mchana huipeperusha. Na kama mizizi ni mizima, usiliache jaruba likauke hadi lipasuke wakati wa kuchipua: maji huifungua fosfati iliyoshikwa na chuma, ukavu huifunga tena.

Wenye Minjingu, mbolea ya mawe ya fosfati yaliyosagwa, hiyo ni ya udongo wenye asidi. Imwage udongo ukiwa na unyevu tu, wiki 2 hadi 3 kabla ya kujaza maji, kwa sababu maji yakikaa asidi hupungua na mawe yale hayayeyuki vizuri. Shamba lenye magadi litafutie TSP.